Jumapili ya Mwezi Mwekundu

Treni ya kutoka Tabora iliingia Mpanda mchana ule ikiwa imechelewa kwa saa tano, na kila aliyeingoja alikuwa ameshachoka au ameshakasirika. Kabla haijasimama sawasawa, abiria walianza kupitisha mizigo madirishani: ndoo za asali, magodoro, mabegi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Waendesha bodaboda walijaa hadi kwenye jukwaa wakigombea wateja. Juu ya kelele zote hizo ilisikika sauti ya mzee mmoja mwenye kipaza sauti, aliyesimama juu ya kreti ya soda.

"Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa! Mwezi utageuka kuwa damu mbele ya macho yenu, na huo ndio mwisho wa dunia! Tubuni, watu wa Mpanda!"

Bernadetha hakuwa akimsikiliza. Alikuja kupokea robota lake la vitenge. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, na siku hiyo alivaa kazi ya mikono yake mwenyewe: gauni la kitenge cha bluu lenye mikono ya puto, lililomshika kiunoni na kumwagika hadi kwenye vifundo vya miguu. Kichwani alipiga kilemba cha njano. Wanaume wawili walikwishajikwaa kwa kumwangalia.

Wa tatu hakumwangalia kabisa. Alikuwa akirudi kinyumenyume na boksi refu begani, akaligonga lile boksi kwenye kilemba cha Bernadetha.

"We kaka! Utanitoboa na hilo bomba lako!"

"Samahani sana, dada." Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, shati jeupe lililochujuka kola, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. "Siyo bomba. Ni darubini."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kuangalia mwezi."

"Kwani mwezi kwa macho hauonekani?"

"Unaonekana. Ila kwa hii unaona na milima yake."

Bernadetha alimkagua kuanzia viatuni kupanda juu, polepole, kama anayempima suti. "Mwezi una milima?"

"Una milima, una mabonde. Una mashimo unaweza kuuingiza mji huu mzima na vumbi lake."

Alisema hivyo macho yakiwaka, kama mtu anayesimulia utajiri wa ukoo wake, na Bernadetha akajikuta amesahau kukasirika. Mzee wa kipaza sauti akapaza tena habari za mwezi wa damu. Bernadetha akacheka. "Haya, msikie na mwenzio."

"Huyo baba anasema kweli."

"Nini? Na wewe ni wa Nabii Ponsian?"

"Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwezi utakuwa mwekundu kweli siku hiyo. Utapatwa. Mambo ya baada ya hapo ndiyo sisi wawili hatujakubaliana."

Robota liliposhushwa lilikuwa zito kuliko alivyotegemea. Mwalimu aliweka boksi lake chini kwa uangalifu, akashika upande mmoja, wakalibeba wote hadi kwenye bajaji.

"Unaitwa nani, mwalimu wa mwezi?"

"Mwandu."

"Msukuma! Ng'ombe umewaacha wapi?"

"Wako bondeni Majimoto na baba. Wameniambia nisirudi bila mchumba."

"Ng'ombe ndiyo wamekuambia?"

"Wana akili wale."

Bajaji ilipoondoka, namba ya simu ya Bernadetha ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa boksi la darubini.

* * *

Mwandu alimpigia jioni ya kesho yake, saa moja, Bernadetha akifunga kibanda. Akampigia na jioni iliyofuata. Ikawa desturi, na ndani ya desturi hiyo ukazaliwa mchezo wao: kila siku mmoja alete namna dunia itakavyokwisha.

"Leo zamu yako, Betha."

"Leo itaisha kwa mvua. Inanyesha, haikatiki, mpaka nyie wa bondeni mnaelea na mpunga wenu."

"Hiyo ya zamani. Mimi nina ya jua. Jua litazeeka, litavimba, litakuwa jekundu na kubwa kiasi cha kujaza anga. Bahari zitachemka kama chai. Halafu litanywea, litapoa, kimya."

"Mama yangu! Lini?"

"Miaka bilioni tano."

"Ebo, nikajua wiki ijayo! Nina sare za kwaya hazijakwisha." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwandu, kweli linakufa? Jua?"

"Kweli. Kila nyota inakufa. Nikifikiria hilo nywele zinanisimama."

"Kwa woga?"

"Kwa woga, na kwa furaha. Sijui niiteje. Kwamba sisi, mimi na wewe, kwa muda huu mfupi, tupo. Na tunaongea."

Bernadetha alikaa kwenye stuli gizani ndani ya kibanda, simu sikioni, na hakutania. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Wanaume walikwisha kumsifia kiuno, macho na mwendo. Hakuna aliyewahi kumsifia kwamba yupo.

Mwezi wa sita shule zilipofunga, Mwandu alikuwa kwao, na Bernadetha akateremka Majimoto na nguo za kuuza mnadani. Mchana, biashara ilipopoa, Mwandu alikuja na pikipiki ya kaka yake akampeleka kwenye chemchemi. Maji yalikuwa yakitoka ardhini yakifuka mvuke, yakibubujika bila moto na bila kuni, na majani ya pembeni yameungua rangi ya kutu. Bernadetha alivua kandambili akasimama pale udongo ulipovumilika. Joto lilipanda kwenye nyayo zake kama kitu kilicho hai.

"Nani anapika huko chini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nchi inavutwa huku na huku. Hapa tuliposimama inachanika, polepole kuliko ukucha unavyoota. Miaka mamilioni ijayo huenda bahari ikaingia. Samaki wataogelea juu ya boma la baba yangu."

Bernadetha alishika upindo wa kanga yake akauvuta kwa mikono miwili. "Kitambaa hakichaniki popote popote. Huanzia palipochoka."

"Ndivyo na ardhi ilivyo."

"Na wewe unalala usingizi juu ya mahali kama hapa?"

"Tangu nizaliwe."

Alimtazama yule mwanaume mwembamba, mvuke ukipita kati yao. Ng'ombe walikuwa wakilia kwa mbali na wauza nyanya wakipiga kelele mnadani, watu wakiendelea na maisha juu ya moto. Alishtuka kuona machozi yanamlengalenga.

"Nakupenda, we Msukuma," alisema. "Sikutaka kusema mimi kwanza, lakini hapa mahali pamenitisha."

"Basi nitakuleta kila wiki," Mwandu akajibu, na Bernadetha akamrushia kandambili.

* * *

Mama yake Bernadetha aliitwa Josephina. Alikuwa mjane, Mbende wa kuzaliwa hapohapo Mpanda, na aliishi na binti yake mtaa wa Makanyagio. Miaka minne ilikuwa imepita tangu mtoto wa jicho aanze kumfunika macho yote mawili, na sasa aliona mwanga na vivuli tu. Hodari huyu wa zamani wa kuuza vitumbua alikuwa akikaa barazani, redio pajani, akiwatambua watu kwa vishindo vyao. Nabii Ponsian alikuwa na desturi ya kumtembelea. Wengine walipita na kusalimia kwa haraka. Ponsian alikaa, akanywa chai, akaongea. Ndipo Mama Josephina alipoanza kuamini habari za Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa.

Mwandu alikuwa hajakutana naye. "Subiri nimwandae," Bernadetha alikuwa akisema. "Mama anataka mkwe wa maombi, siyo wa darubini."

Mwishoni mwa mwezi wa nane lilitokea jambo jema: madaktari wa macho walitangaza kambi hospitalini, na Bernadetha akamwandikisha mama yake. Zamu yake ya upasuaji iliangukia Jumatatu, siku moja baada ya ile Jumapili. Mama alicheka. "Mwanangu, Jumatatu hiyo haipo." Lakini hakukataa moja kwa moja.

Alhamisi ya kabla ya Jumapili ile, redio ya mjini ilimwalika Mwandu aeleze habari za kupatwa kwa mwezi. Bernadetha aliongeza sauti kibandani, akawaambia mafundi wenzake wote, "Nyamazeni, shemeji yenu anaongea!" Mwandu aliongea vizuri. Mtangazaji alicheka, simu zikafunguliwa, na ya tatu ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Mwalimu, mwanangu, mimi macho yangu hayaoni. Siku hiyo mwezi ukigeuka, nitajuaje?"

Kama angelifikiria kidogo, asingelijibu vile. Lakini studio ilikuwa imechangamka, na simu mbili zilizotangulia zilikuwa za utani.

"Usijali, mama. Ukisikia tarumbeta tu, ujue ndiyo hiyo, kafunge mizigo!"

Mtangazaji aliangua kicheko mpaka akakohoa. Soko zima lilicheka. Kibandani kwa Bernadetha mafundi walicheka pia, mpaka walipomwona uso. Cherehani yake ilikuwa imesimama, sindano ndani ya kitambaa.

Bernadetha alimpigia Mwandu mara tu alipotoka studio.

"Mpenzi! Umenisikia?"

"Yule ni mama yangu."

"Nani?"

"Aliyeuliza jinsi atakavyojua. Kipofu uliyemfanya achekwe na mji mzima. Ni mama yangu mzazi, Mwandu."

"Betha, sikujua kama…"

"Kwa hiyo angekuwa mama wa mwingine ingekuwa sawa?"

Bernadetha alikata simu, akaifungia namba yake.

Nyumbani alimkuta mama ameizima redio na kuigeuza ikitazama ukuta. "Mimi hospitali siendi," alisema kwa utulivu. "Hao wasomi ni walewale. Aliuliza mtu mzima, wakacheka. Nitawapaje macho yangu?" Bernadetha alibembeleza Ijumaa, akabembeleza Jumamosi. Madaktari walikuwa wanaondoka Jumatano. Mwandu alifika kibandani mara mbili. Mara zote mbili Bernadetha aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua kichwa, na Mwandu akasimama pale mbele ya wateja mpaka aibu ikamrudisha alikotoka.

* * *

Jumapili jioni, wanafunzi zaidi ya mia walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Darubini ilikuwa imesimamishwa katikati, walimu wamevaa vizuri, hata mtangazaji wa redio amekuja na kinasa sauti chake. Saa kumi na mbili na nusu Mwandu alimshika bega mwalimu mwenzake, Gervas.

"Waonyeshe wewe. Mimi nina mahali pa kwenda."

"Mwandu, umengoja usiku huu mwaka mzima!"

"Najua."

Alipanda bodaboda hadi Makanyagio. Mwezi ulikuwa umeshachomoza mkubwa, mweupe, juu ya mabati. Watu walikuwa nje barabara nzima. Kwenye kiwanja cha Nabii Ponsian, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Josephina, waumini waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakiimba huku wameshikana mikono.

Mama Josephina alikuwa uani kwake, kwenye mkeka, amevaa gauni lake la Pasaka na kitambaa cheupe kichwani. Amejiandaa. Bernadetha alikuwa pembeni yake, na alipomwona anayeingia alinyanyuka ghafla. Mwandu hakumtazama. Alichuchumaa mbele ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kishindo chako sikijui. Wewe ni nani?"

"Naitwa Mwandu. Mimi ndiye niliyekucheka redioni."

Mama aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kukujibu. Uliuliza utajuaje. Nikakujibu upuuzi, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Naomba unisamehe. Na ukikubali, nitakaa hapa nikuambie kila kitu kinachotokea, kama kilivyo. Sitaongeza wala kupunguza."

Mama alifikiri. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi. "Kaa. Ukoje sasa?"

"Mweupe, mzima. Umepita juu kidogo ya bati la jirani."

Saa moja na nusu alimwambia, "Umeanza. Ukingo mmoja unafifia, kama mtu anaufunika kwa kiganja." Mama aliutafuta mkono wake akaushika. Mbwa walibweka. Watoto walihesabu kwa sauti kila kipande kilichoingia gizani. "Umebaki nusu, mama… Umebaki kama kipande cha embe… Umebaki uzi." Na kadiri mwanga ulivyopungua, kelele za Makanyagio nazo zilipungua, redio zikazimwa moja moja, mpaka hata waimbaji wa Ponsian wakanyamaza. Nyota zilijitokeza kwa maelfu mahali ambapo dakika chache kabla hazikuwapo. Katikati yake ulining'inia mwezi mwekundu, mviringo kamili, karibu kama kitu cha kuchuma.

Bernadetha aliziba mdomo kwa viganja.

"Sema," mama alinong'ona. "Uliahidi."

"Umekuwa mwekundu, mama."

"Mwekundu gani? Damu?"

Mwandu aliutazama vizuri ili asimdanganye. "Siyo damu. Kama mawese kwenye chupa, ukiishika mbele ya taa."

"Nani ameupaka?"

"Sisi. Dunia imesimama kati ya jua na mwezi. Hicho ni kivuli chetu. Kivuli cha Mpanda kimo mle, na cha mkeka huu."

"Kivuli changu kimefika mpaka kule?"

"Kimefika. Na wekundu ule ni mwanga wa jua unaopenya pembeni mwa dunia, kule ambako saa hizi kunakucha, na kule ambako jua linazama. Kila alfajiri na kila machweo yaliyopo duniani dakika hii yanauangukia ule mwezi."

"Yote?"

"Yote kwa pamoja."

Mama Josephina aliinua uso, macho yake meupe yakaelekea juu kabisa, na midomo ikatetemeka. Bernadetha hakujua kama anasali au anajaribu kuona. Alisogea, akakaa upande wa pili wa mama yake, akamshika mkono uliobaki.

"Basi Ponsian hakukosea sana," mama alisema mwishowe. "Jambo kubwa lipo. Na mwisho wenyewe, mwalimu?"

"Siujui. Inawezekana ni jua kuzeeka. Inawezekana ni jiwe kutoka angani, au sisi wenyewe. Naweza kukupigia hesabu ya mwezi mpaka dakika, lakini hiyo siku siijui. Redioni niliongea kama mtu anayejua."

"Na unaogopa?"

"Ndiyo, mama. Sasa hivi ninatetemeka."

"Najua. Nimekushika."

Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima, watatu, wakiongea kidogo. Kisha Mwandu akasema, "Ukingo umeanza kung'aa," na Makanyagio yote ikapiga kelele, masufuria yakagongwa, watoto wakacheza. Kwenye kiwanja cha jirani waumini walianza kutawanyika wakikwepa kutazamana. Mzee Ponsian alibaki amekaa chini peke yake, kipaza sauti miguuni, akilia kama mtu aliyeachwa na basi.

"Nani huyo analia?" mama aliuliza. Bernadetha alimwambia. "Mpelekee chai. Mtu aliyengoja jambo kubwa vile asiachwe peke yake. Na kesho uniamshe mapema, tukawahi foleni hospitali."

Mwandu alimsindikiza Bernadetha hadi kwenye uzio, yeye na chupa ya chai.

"Betha."

"Mama amekusamehe haraka mno," alisema Bernadetha. Mwanga mweupe ulikuwa ukimrudia usoni kidogo kidogo. "Mimi bado. Usinipigie. Nitakapoweza, nitakupigia mimi."

"Sawa."

"Na umeacha darubini yako kwa nani?"

"Kwa Gervas."

Alitaka kutabasamu, akajizuia, akaenda na chai yake.

* * *

Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano asubuhi Mwandu alikuwa mbele ya kidato cha tatu, chaki mkononi, simu ilipotetemeka mezani. Alilitazama jina, akalitazama darasa, akapokea.

"Betha?"

"Jana wamemfungua jicho la kwanza." Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu aliyekimbia. "Leo ameamka kabla yangu. Nimemkuta nje, amekaa kwenye kigoda, anaangalia kuku."

"Kuku?"

"Kuku, Mwandu. Saa nzima. Hataki chai. Anasema hakujua kuku ana rangi nyingi vile, kwamba shingoni kuna kijani. Yule jogoo mwekundu wa jirani akipita, anaziba mdomo. Nimekaa naye hapo, na mimi naangalia kuku, tunalia kama wajinga. Nikatafuta nani wa kumwambia, nikakosa. Ni wewe tu."

Wanafunzi arobaini walimwona mwalimu wao akikaa taratibu kwenye meza.

"Nije?"

"Usije."

"Sawa," alisema. Chaki ilikatika mkononi.

"Usije peke yako, namaanisha. Njoo na wazee wako. Mama anasema mtu akitaka binti huja kwa mlango, na wakubwa zake, na sasa anataka awaone sura."

"Betha, baba yuko Majimoto. Mpaka apatikane mtu wa kubaki na ng'ombe, wapate gari… hawawezi kufika kabla ya Jumamosi."

Kwa mbali, nyuma ya sauti ya Bernadetha, alimsikia Mama Josephina akimwita mtu njoo uone, njoo upesi uone.

"Jumamosi," alisema Bernadetha. "Tutawapikia."